Vinyago Arobaini na Kimoja na Kipande cha Msasa

Ilinichukua siku tatu tu kuharibu kazi ambayo mkurugenzi wetu alikuwa ameifanya kwa miaka miwili, na niliiharibu kwa bidii, huku nikiimba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimekubaliwa kujifunza kazi ya kutunza nyaraka na kufanya utafiti katika wakfu mmoja wa wasanii. Wachoraji kadhaa walikuwa wameuanzisha ili barua, madaftari na picha zao zisije zikaishia kufungia njugu sokoni. Ofisi ilikuwa nyumba ya mawe upande wa juu wa Kawangware, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka chumba chetu cha Gatina. Ningekaa mwaka mmoja, na wakiridhika nami wangeniajiri. Roho yangu yote ilikuwa kwenye mwaka huo. Nilikuwa nimekosa chuo kikuu kwa alama chache, na majirani wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walikuwa wameshanipangia maisha: cherehani na mume, chochote kitakachotangulia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sanduku la vinyago. Mchoraji mmoja, miongoni mwa waanzilishi, alikuwa amefariki na kuuachia wakfu vinyago alivyokusanya katika maisha yake. Vilikuwa arobaini na kimoja: swara, twiga, wazee wenye viko, wanawake wanaotwanga. Mkurugenzi, mwanamke mrefu aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa juu ya kichwa, alinionyesha sanduku hilo akiwa na mkoba begani.

"Safisha hizi vitu vizuri, halafu uandike kila kitu unaona," aliniambia. "Mimi naenda mkutano Mombasa. Nitarudi Alhamisi."

Basi nikasafisha. Na hapa inabidi nieleze nyumba niliyotoka. Baba yangu alikuwa mchongaji, mtu wa Machakos aliyekuja Nairobi na tezo moja na visu viwili. Baba alichonga, mama akapiga msasa, nami nikakaa katikati yao kwenye unga wa mbao tangu sijajua kutembea. Tangu nikiwa na miaka mitano, nikiona alama ya penseli nyekundu kwenye kitako cha kinyago, mkono wangu ulikuwa unauendea msasa wenyewe. Mama alinifunza hivyo, tena kwa makofi. Kinyago chenye wekundu chini kilikuwa aibu ya nyumba nzima. Sikuwahi kuuliza kwa nini, kwa sababu kwetu mtoto aliyeuliza sana aliongezewa kazi.

Vinyago vya wakfu vilikuwa na alama nyekundu kwenye vitako, vyote arobaini na kimoja. Duara, msalaba, au mistari mitatu. Nilisikitika kuwa watu wenye nyumba nzuri namna hiyo wanaishi na vinyago vichafu. Kesho yake nilikuja na msasa wa mama, ule laini, na kopo la nta. Kufikia Alhamisi asubuhi vitako vyote vilikuwa vinang'aa, nami nimevipanga mezani kwa urefu, nikisubiri kusifiwa.

Mkurugenzi aliinua swara wa kwanza, akamgeuza. Akainua wa pili. Kufikia wa tano alikuwa amevaa miwani zote mbili.

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Zile nyekundu!"

"Nimetoa," nikasema, nikitabasamu bado. "Zote."

Aliketi sakafuni, na sketi yake nzuri, pale pale kwenye vumbi la msasa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alinieleza kwa sauti ndogo kwamba alama zile zilikuwa sahihi za wachongaji wasiojua kuandika. Alikuwa amezichunguza kwa miaka miwili. Hakuwa amejua majina yao, kwa hiyo alikuwa amewaita Fundi wa Duara, Fundi wa Msalaba na Fundi wa Mistari Mitatu. Alikuwa ameshajaza kadi kumi na mbili, na juu ya Fundi wa Msalaba, ambaye ndiye aliyempenda zaidi, alikuwa ameandika makala ya kurasa saba. Vinyago ishirini na tisa vilivyobaki havikuwa vimeandikwa popote. Hiyo ndiyo kazi aliyoniachia, kuziandika alama kwenye kadi, nami nilikuwa nimeanza na neno "safisha".

"Katalogi ya maonyesho inaenda kwa printa mwisho wa mwezi," alisema. "Kama hatuwezi kujua nani alichonga nini, kila kadi itaandikwa 'hajulikani'. Na wewe utaenda nyumbani."

Mimi huwa nakasirika kabla ya kuogopa, ndivyo nilivyoumbwa. Nilishuka hadi Gatina nikimlaani mkurugenzi, wakfu, penseli, na zaidi ya wote mama yangu aliyenifunza kufuta. Nilimkuta mlangoni anachagua mawe kwenye maharagwe. Nilimwaga maneno yangu yote nikiwa bado nimesimama. Nilipofika kwa Fundi wa Duara, mama aliweka ungo chini. Nilipofika kwa Fundi wa Msalaba na kurasa zake saba, alianza kucheka, akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani na jirani akachungulia kuona kuna nini.

"Mwaitu, mama yangu, unacheka nini? Nafukuzwa kazi!"

"Fundi wa Msalaba!" alisema, akijifuta macho. "Wewe mtoto, ile penseli ilikuwa ya mnunuzi. Yule wa duka la mjini, alikuwa anapitia mafundi wote, Kawangware hadi Kibera. Duara ni ya kuweka dirishani. Mistari mitatu ni ya kupeleka Mombasa. Msalaba ni iko na ufa, bei iende chini."

"Na kwa nini tulikuwa tunafuta?"

"Ndio akirudi na gari yake asijue alikuwa ameweka msalaba wapi, aangalie tena upya, aweke alama zingine akipakia. Mara nyingi hakuona huo ufa mara ya pili." Akarudia ungo wake. "Baba yako alikuwa anajua kuziba."

Nilikaa juu ya kizingiti. Aibu na furaha vilinijia pamoja hata sikujua nianze na kipi. Miaka yote ile nilidhani nafunzwa usafi, kumbe nilikuwa nafunzwa vita.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya mlinzi kufungua geti. Nilitoa zile kadi kumi na mbili. Tano ziliandikwa msalaba. Nilichukua vinyago vitano vinavyohusika, lenzi ya mkurugenzi na pini, nikavipekua kama mama anavyopekua mtoto chawa. Kwenye shingo ya twiga mmoja niliuona: mstari mwembamba kuliko uzi, uliojazwa nta iliyochanganywa na unga wa mbao. Nikaingiza pini, nta ikatoka. Wa pili, ufa ulikuwa mgongoni. Wa tatu, kwenye paja. Vyote vitano vilikuwa na ufa, na vile saba vingine havikuwa nao.

Mkurugenzi alipoingia sikumwamkia hata. Nilimpa pini na lenzi, nikamwonyesha pa kuchokoa. Alichokoa kinyago kimoja, akachokoa cha pili, akachokoa vyote vitano, na kila mara akipuliza ule unga kidoleni. Kisha nikamwambia aliyoyasema mama.

"Kurasa saba," alisema hatimaye. "Nimesema ana huzuni. Nimesema anaona ulimwengu umevunjika." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyejigonga kidole. "Kumbe nilikuwa naandika juu ya ufa."

Nilimheshimu kuanzia dakika ile, maana aliichukua makala ile kwenye faili, akaipasua mara mbili, akaitupa. Lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu.

"Sawa," alisema. "Sasa hatujui kitu kabisa. Mwisho wa mwezi ni ule ule, na kadi bado ni 'hajulikani'."

"Wenyewe wako," nikasema.

"Akina nani?"

"Waliochonga. Mzee mmoja yuko Lindi, kule Kibera, alikuwa akifanya kazi na baba. Na mama yuko Gatina."

"Watakumbuka vinyago vya miaka kumi na tano iliyopita?"

"Si kukumbuka. Wataangalia kwapa."

Nilimweleza: uso wa kinyago kila mtu anauiga, maana ndio unaouza. Lakini pale kati ya mkono na ubavu, au ndani ya mapaja ya swara, hakuna mteja anayetazama, na kisu hakina nafasi ya kuringa. Kila fundi anapachonga kwa mikato ya tabia yake, mirefu au mifupi, kutoka juu au kutoka chini, na hawezi kujizuia. Hilo sikulisoma popote. Nilikua nikilisikia watu wakiligombania.

Mkurugenzi aliniambia nilete ushahidi, si hadithi. Tukakubaliana hivi: mzee wa Lindi aje Jumanne peke yake, mama aje Alhamisi peke yake, wasikutane wala kuzungumza, na vinyago vichanganywe upya kila mara. Walichokubaliana kingeandikwa. Walichopingana kingebaki "hajulikani". Na kama wangepingana sana, nami nijue pa kwenda.

Jumapili nilivuka Barabara ya Ngong, nikapita Olympic, nikateremka Lindi. Mzee alikuwa nje ya chumba chake anatengeneza kiti, maana uchongaji aliuacha macho yalipoanza kumsumbua. Alikuwa mtu wa maneno makali na sukari nyingi kwenye chai.

"Niaje, mzee."

"Niaje ndio nini? Wewe ni msichana wa fundi, usinisalimie kama makanga wa matatu." Alinisikiliza hadi mwisho, akikaza mguu wa kiti. "Ati wanataka kujua nani alichonga? Siku zote hizo walikuwa wapi?"

"Hawakujua pa kuuliza, mzee."

"Na chai itakuwa?"

"Itakuwa."

"Basi nitakuja."

Jumanne alikuja amevaa koti. Alikataa kiti cha mkurugenzi, akaketi kwenye benchi la mlinzi, akafumba macho. Nilimpa vinyago kimoja kimoja. Aliingiza kidole gumba kwenye kwapa, akapitisha ukucha mara moja, akataja jina. Halikuwa jambo la taratibu wala la heshima. Alitukana vingine. "Hii ni ya yule mtu wa Kitui wa mkono wa kushoto, alikuwa mvivu sana." "Hii ni yangu." "Hii pia ni yangu, lakini nilikuwa na homa, weka mbali." Mkurugenzi alikuwa ameandika "mpingo" kwenye kadi moja, na mzee aliposomewa hivyo alikwaruza chini kwa ukucha, akanusa. "Mpingo wapi? Hii ni muhuhu na rangi ya viatu. Sisi wote tulipaka." Majina yalifika sita. Vinyago vitatu alivirudisha, akasema wazi kuwa hajui. Tisa aliviweka upande mmoja bila kutaja jina, kisha akanitazama.

"Hizo ni za baba yako," alisema.

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Nilikuwa nimevipiga msasa vitako vyake kwa mikono yangu, siku tatu nzima, nikiimba, na sikumtambua. Baba alikuwa amefariki nikiwa kidato cha pili. Nililia, kisha nikajipangusa, nikarudi kuandika.

Alhamisi mama alifika na mfuko wa karatasi mkononi. Hakufumba macho wala hakugusa kwapa. Aliangalia msasa. Kila mke wa fundi, alisema, au dada yake, au mama yake, alikuwa na namna yake: huyu anazungusha, huyu anavuta, huyu anaacha mikwaruzo nyuma ya masikio kwa sababu kidole chake ni kinene. Alipanga vinyago kwa mafungu na kuyaita kwa majina ya wanawake, nami nikimtajia mkurugenzi mwanamume wa kila jina. Mkurugenzi alikuwa na karatasi ya Jumanne magotini. Alitia alama, akatia nyingine, na kalamu yake ikaanza kwenda haraka. Vinyago vitatu ambavyo mzee hakuvijua, mama naye hakuvijua. Viwili walipingana. Thelathini na sita vilivyobaki, kila kimoja kilikwenda kwenye nyumba ile ile aliyoitaja mzee. Tisa vya baba aliviweka mbele yake, karibu na kifua.

Mkurugenzi alisimama, akanikumbatia hadi miwani ya kichwani ikaanguka. Sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile. Niliona mwaka wangu umerudi mikononi mwangu, nikaona na kazi juu yake.

"Nitaandika kadi leo leo," alisema. "Mchongaji, na jina lake."

"Na mwenye msasa?" mama akauliza.

Mkurugenzi alieleza kwa upole kuwa kadi ya sanaa huwa na msanii mmoja. Ndivyo inavyofanywa kila mahali. Msasa ni kumalizia tu.

Alifungua mfuko wake, akatoa swara ambaye sikuwa nimemwona tangu nikiwa na sare ya shule. "Hii ni ya mwisho ya mume wangu," alisema. "Sikuipiga msasa. Sikuweza. Shika."

Mkurugenzi alimpokea kwa mikono miwili, akampapasa mgongo kama alivyozoea kupapasa wengine, na papo hapo akapiga ukelele. Kibanzi kilikuwa kimemwingia kidoleni. Mama alikitoa kwa ile pini yangu, akamfunga kidole kwa leso yake, akamrudisha swara mfukoni.

"Weka hiyo kwa kabati," alisema, "uone kama kuna mtu ataitazama mara mbili."

Kadi zikawa na mistari miwili: Mchongaji. Chini yake, Mpiga msasa.

Shida ya mwisho ilikuwa ni mzee. Nilimfuata Lindi siku ya pili kuuliza nani alimpigia msasa, naye akanifokea. Ati sasa wanawake nao wanataka kuingia katalogi, kesho nitakuja kuuliza aliyeuza chai ni nani. Nilifoka pia. Nilimwambia mama yangu amevijua vinyago vyake saba kwa msasa peke yake, na jina alilolitaja lilikuwa "mama watoto wa mzee", basi hivyo ndivyo nitakavyoandika. Alichukua nyundo, akairudisha chini.

"Usiandike hivyo," alisema. "Hata kwa kaburi waliandika Mama wa fulani. Alikuwa na jina." Akanitajia. Nililiandika kwenye daftari, yeye akiangalia kalamu inavyokwenda, akaniambia nirudie kulisoma, nikarudia.

Printa alipata katalogi yake siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Mahali pa ile makala ya kurasa saba palikuwa na yangu ya kurasa nne, juu ya kwapa, msasa na penseli nyekundu, na wiki iliyofuata nilipewa barua ya ajira kabla hata mwaka wangu haujafika nusu. Mama aliizungusha barua ile ploti nzima. Jirani aliyenipangia cherehani alionyeshwa mara mbili.

Siku ya ufunguzi walikuja watu wa Gatina na watu wa Lindi, kwa viatu vilivyopakwa rangi nyeusi kama vinyago vyetu. Wanawake waliopiga msasa walisimama mbele ya makabati wakinyoosheana vidole, wakicheka waziwazi, kila mmoja akisomewa jina lake na mtoto wake. Wageni wa mjini waliwapisha. Mama alikuwa anapita na leso akifuta alama za vidole kwenye vioo, ingawa hakuna aliyemtuma.

Mzee hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati lake, akaniita nimwonyeshe mstari wa mke wake uko wapi. Nilimwonyesha. Aliweka kidole pale juu ya kioo, na kila mgeni aliyepita akamsimamisha, awe mwenye tai au mwenye kanga.

"Soma hii ya chini," aliwaambia. "Kwa sauti."

Wakasoma. Kama mtu alisoma kwa sauti ndogo, alimrudisha asome tena. Alisimama hapo jioni yote, macho yamefumbwa, akisikiliza watu asiowajua wakimwita mke wake kwa jina lake.